Chipsi zilianza kuwa mbao

Jioni ya Julai hapa Mbeya si ya kuchezea. Upepo ukishuka kutoka Loleza, mtu anasogea kwenye kibanda cha chipsi kwa ajili ya moto kwanza, njaa ni sababu ya pili. Ndivyo nilivyokuwa nimesimama pale Mwanjelwa, mikono mfukoni na macho kwenye karai, kijana mmoja wa kidato cha pili niliyewahi kumfundisha alipotokea pembeni yangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Za shule?"

"Nzuri. Mwalimu, nina swali. Chip ya kwenye simu na hizi chips hapa, kwa Kiingereza wanaandika sawasawa. Ni neno moja au mawili?"

Muuza chipsi akadakia kabla sijafungua mdomo: "Ya kwenye simu haina kachumbari, mdogo wangu." Tukacheka. Nami nikajifanya mjuzi, nikamwambia ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Akashukuru, akaondoka na mfuko wake wa chipsi kavu.

Nilikuwa nimempotosha. Nilifika nyumbani, nikafungua kamusi kubwa kwa ajili ya kujiridhisha, nikakuta haya yangu imeandikwa pale kwa herufi ndogo. Kaa la moto na kaa wa baharini hawana undugu wowote. Lakini chip ya simu na chip ya kiazi ni ndugu wa tumbo moja, na wote wamezaliwa kwa seremala. Kwa hiyo makala haya ni deni langu kwa yule kijana.

Tuanze na shoka. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na neno cipp, lililotamkwa karibu sawa na chip ya leo, nalo lilihusu mti uliokatwa. Wapo wanaolivuta nyuma zaidi hadi kwenye Kilatini, kwenye neno cippus, yaani nguzo au kigingi. Picha yake ni nyepesi kwa yeyote aliyewahi kuchanja kuni: unapiga gogo, gogo ndilo unalolitaka, na kuna kipande kinaruka pembeni. Kile kinachoruka ndicho chip. Msomaji aishike picha hiyo, maana karibu kila maana iliyokuja baadaye imebeba kitu kikubwa, makali, na kipande kidogo kilichotengana na mwenzake.

Haikuchukua muda neno likatoka porini likaingia jikoni. Kwenye nyumba za wakubwa wa Uingereza ya zamani mkate ulikuwa na kazi yake ya kuchip, yaani kukwangua ganda lililoungua kabla mkate haujafika mezani kwa bwana. Shakespeare anayo matusi ya aina hiyo: kumwita mtu mkwangua mikate ilikuwa ni kumshusha. Lakini nyumbani kwa neno palibaki kuwa kwenye mbao, na huko ndiko kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Katika karne ya 17 na ya 18, serikali ya Uingereza ilikuwa na karakana kubwa za kuunda manowari, kama zile za Deptford, Chatham na Portsmouth. Mafundi wa huko walikuwa na haki yao ya zamani: vipande vya mbao vilivyobaki baada ya kazi, chips, waliruhusiwa kuondoka navyo jioni. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, wakati mwingine kwa miezi mingi, kwa hiyo hicho kirundo cha vipande kilikuwa sehemu ya mshahara hasa. Unaweza kukisia kilichofuata. Kipande halali kilikuwa kisizidi futi tatu, karibu sentimita 90. Basi mbao nzuri, za kuundia meli ya mfalme, zikaanza kukatwa na kuwa "mabaki" ya futi tatu kasoro kidogo. Inasimuliwa kwamba katika mitaa ya mafundi hao ngazi za nyumba, milango na makabati vyote vilikuwa na upana wa futi tatu kasoro. Ugomvi kati ya mafundi na wakubwa wao haukuisha mpaka mwaka 1801, haki hiyo ilipofutwa na badala yake fundi akalipwa peni sita kwa siku, zikaitwa pesa za chips.

Mtu wa Mufindi akisoma aya hiyo hahitaji mkalimani. Nenda Mafinga, ingia yadi yoyote yenye dingdong. Jina hilo si la kitabuni, ni jina la mashine yenyewe ya kupasulia magogo, ile yenye msumeno wa duara na injini inayopiga kelele kutwa. Gogo la msindano linaingia, na kabla ya kupata ubao wa kwanza lazima livuliwe pembe nne za maganda. Zile pembe ndizo mabanzi. Upande mmoja una gome, upande wa pili umenyooka. Mabanzi hayahesabiwi kama mbao, lakini hakuna anayeyatupa: ni kuni, ni uzio, ni ukuta wa banda la kuku, ni choo cha muda cha mtu anayejenga. Na mgogoro wa Chatham nao upo mlemle yadini. Banzi linaishia wapi na ubao unaanzia wapi? Mpasuaji akilaza gogo kwa haraka, banzi linatoka nene, na banzi nene ukilipitisha tena unapata ubao mwembamba wa bure. Nilimuuliza mzee mmoja wa yadini nani hasa anaamua. Akanitazama kama ninayeuliza jua linachomoza wapi: "Anaamua aliyeshika gogo."

Banzi. Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti changu. Kiswahili kina neno hili tangu zamani, na udogo wake ni kibanzi, na kila aliyepita kanisani amekutana nalo. Mathayo 7:3 inauliza mbona unatazama kibanzi kilicho ndani ya jicho la ndugu yako na boriti iliyo ndani ya jicho lako mwenyewe huiangalii. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilipofika hapo ikatumia neno lenye maana ya chembe tu, punje ya vumbi. Wafasiri wetu walichagua vizuri zaidi. Neno la Kigiriki pale ni karphos, kijiti kikavu, kipande cha mti, na aliyesema ni mtu aliyelelewa nyumbani kwa seremala. Boriti na kibanzi ni vitu vya karakana moja, kimoja kimetoka kwa mwenzake. Ukiweka vumbi badala ya kibanzi, utani wa kiseremala unapotea.

Waingereza nao wana methali kongwe, ya tangu zama za kati, inayokaa jirani kabisa na kibanzi chetu. Inamwonya mkata mti asipige shoka juu kupita kichwa chake, chip isije ikamwingia jichoni. Ilikuwa ni onyo kwa wanaotaka makubwa kuliko kimo chao. Na Wamarekani wana msemo wao wa kuacha chips zianguke zitakapoanguka, ambao wanasiasa wanautumia wakimaanisha tufanye lililo haki bila kujali matokeo. Wengi wanadhani umetoka kwenye kamari. Hapana, ni shoka tena: chonga kwa kufuata mstari, vibanzi viruke vinakotaka.

Msemo mwingine una hadithi itakayomchekesha mtu wa kwetu. Waingereza na Wamarekani wakisema fulani ana chip begani, wanamaanisha ana kinyongo cha kudumu, anatafuta ugomvi kwa kila neno. Kwa nini begani? Gazeti moja la jimbo la New York la mwaka 1830 lilieleza mchezo wa wavulana wa huko: wakitaka kupigana, mmoja anawekewa kipande cha mti begani, mwenzake anaambiwa thubutu kukiangusha. Ukikiangusha, ngumi zimeanza. Wapo wanaotaka kuurudisha msemo huu hadi kwa wale mafundi wa Chatham, eti kwa sababu walibeba chips zao begani na wakagoma kuzishusha walipoamriwa. Ni hadithi tamu, lakini mimi nabaki na wavulana wa New York, kwa sababu nimewaona.

Nimewaona Tukuyu, nikiwa na miaka tisa. Baada ya kengele ya mwisho, nyuma ya choo cha shule, wakubwa walikuwa wakichota mchanga na kutengeneza vichuguu viwili. "Hili ziwa la mama yako. Hili la mama yake." Kisha kimya, na duara la watoto arobaini linakaza. Unasimama pale unatetemeka, ugomvi wenyewe umeshausahau, mwenzako naye hataki, lakini mchanga uko chini na kila mtu anakutazama mguu. Mimi nilisukumwa. Mguu wangu ukakanyaga ziwa la mama wa watu bila idhini yangu, nikapigwa vizuri. Mvua ya Tukuyu ikamaliza kazi, tukarudi nyumbani tope tupu. Kwa hiyo nikisikia Mzungu ana kibanzi begani, sihitaji kamusi. Wao waliweka begani, sisi tuliweka chini, tena sisi tulimwingiza mama.

Sasa viazi, maana najua ndivyo vilivyokuleta.

Kiazi chenyewe ni mgeni kote, Ulaya na Afrika. Nyumbani kwake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na jina lake la Kiingereza limetoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, waliokuwa wakisema batata kwa kiazi kitamu. Wahispania wakachanganya mambo, jina la kiazi kimoja likavaliwa na kingine. Zanzibar mpaka leo wanaagiza mbatata, nao wako karibu na Wataino kuliko wanavyojua.

Mwanzoni mwa karne ya 19, William Kitchiner wa London aliandika katika kitabu chake cha mapishi namna ya kukaanga viazi vilivyokatwa vipande vyembamba. Kupata wembamba huo, akawaambia wasomaji wake wavimenye kwa kuzungusha kama mtu anavyomenya limau, na neno alilolitumia kwa vile vipande ni lilelile la takataka za randa. Maranda! Viazi vya maranda. Unaona jikoni pamejaa useremala: kisu kinafanya kazi ya randa, kiazi kinakuwa gogo. Kwa hiyo Charles Dickens alipoandika mwaka 1859 kuhusu chips za viazi zilizokaangwa kwa matone machache ya mafuta, hakubuni ajabu. Alikuwa anasema vibanzi vya viazi, na msomaji wake aliona vibanzi.

Baadaye Waingereza na Wamarekani wakagawana. Ukiagiza chips London utaletewa kama hizi za Mwanjelwa, nene na laini ndani. Ukiagiza Marekani utapewa pakiti ya zile nyembamba zinazolia mdomoni, ambazo sisi tunaita krispi. Wamarekani wana simulizi yao kwamba krispi zilizaliwa mwaka 1853 katika hoteli ya Saratoga Springs, mpishi George Crum alipokasirishwa na mteja mlalamishi akakata viazi vyembamba kama karatasi ili kumkomoa. Kitchiner alikuwa ameshaandika yake miaka mingi nyuma, kwa hiyo simulizi hiyo tuiache hotelini.

Huku kwetu neno lilifika likiwa limeshaiva. Tulilichukua pamoja na herufi yake ya wingi, tukaimeza, tukaongeza irabu mwishoni, likawa chipsi. Mwenye Kiingereza chake akisikia "chipsi moja" anashangaa, kwani kwake ni wingi. Kwetu chipsi moja ni sahani moja. Ndivyo Kiswahili kinavyokula: kiliona kitab cha Waarabu kina ki mbele, kikatoa vitabu. Kiliona kibao cha barabarani kinachowaamuru madereva wakae kushoto, kikatoa kipilefti na vipilefti. Sioni aibu hapo. Naona meno mazuri.

Na tulipolimeza, tukaanza kulikunja wenyewe. Chipsi zikipigiwa mayai zikashikana zinaitwa zege, jina la mafundi ujenzi, na zege la kweli ni saruji, mchanga na kokoto. Zile kokoto ndogo Mwingereza anaziitaje? Chips, au chippings. Kwa hiyo anayeagiza zege anaagiza chips ndani ya kitu chenye chips, na aliyelitunga hakujua Kiingereza cha kokoto, aliangalia tu sahani. Kisha zikaja lawama: kijana akishindwa kubeba gunia, wazee wanasema ni kizazi cha chipsi. Neno lililoanza kwa watu wa mashoka sasa linamtukana mtu asiyeweza kushika shoka.

Niseme neno kuhusu hilo gunia, kwa kuwa viazi hivi vinatoka kwetu. Panda Uporoto au Umalila wakati wa kuvuna, au vuka mpaka Njombe na Makete, utaona magunia yamepanga mstari kando ya barabara yakisubiri lori la Dar es Salaam. Kituo cha utafiti cha Uyole kimehangaika na mbegu miaka mingi. Wakulima wanabishana Kikondo na Arka kama watu wa mpira wanavyobishana timu. Lakini ubishi mkubwa ni gunia. Mdomo wa gunia ukijaa hauishi: unasukwa kamba juu, unarundikiwa viazi vingine, unafungwa kama kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inasema kilo 100 mwisho, lumbesa inacheka. Mkulima analipwa gunia moja, tajiri anaondoka na moja na nusu.

Chip ni neno la lumbesa. Kiingereza kimelijaza mpaka mdomoni, kisha kikasuka kamba juu kikaendelea kurundika. Kwenye meza za kamari za Marekani katika karne ya 19, vile vidude vya kuhesabia dau viliitwa chips, na za buluu kwa desturi zilikuwa na thamani ya juu. Ndipo hisa za makampuni makubwa yanayoaminika zikaja kuitwa chip za buluu, na bado zinaitwa hivyo kwenye habari za biashara. Kuchangia pesa kwenye kikapu ni kuchip, na mtoto anayefanana na baba yake ni chip ya gogo lilelile. Huyo wa mwisho sisi tumempa nyoka: mtoto wa nyoka ni nyoka. Nadhani gogo lina heshima zaidi.

Ndipo tunafika kwenye simu ya yule kijana. Mwaka 1958 mhandisi Jack Kilby, akiwa kampuni ya Texas Instruments huko Dallas, aliunganisha sehemu za saketi ya umeme kwenye kipande kimoja cha elementi ya jerimani (germanium), jamaa wa silikoni. Mwaka uliofuata Robert Noyce akaja na njia yake ya silikoni, ambayo ndiyo viwanda viliipenda zaidi. Kilby alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000. Kinachonihusu mimi ni namna kitu hicho kinavyotengenezwa. Unaanza na gogo. Ndiyo, gogo: mche mnene wa silikoni safi, wa duara, mrefu. Unapasuliwa kwa msumeno kuwa sahani nyembamba. Juu ya sahani moja zinachorwa saketi nyingi, mamia kwa mamia, halafu sahani inakatwa vipande vidogo vya mraba. Kila kipande ni chip. Aliyekiita hivyo hakutunga fumbo. Aliona gogo, msumeno na kibanzi, akasema kilichokuwa mbele yake. Ni dingdong la watu waliovaa glavu nyeupe.

Kwa hiyo yule kijana alikuwa sahihi kushuku, na mimi mwalimu ndiye niliyemkatia njia. Na hapa ndipo ninapogombana na msemo ninaousikia kwenye vyumba vya walimu, kwamba Kiingereza ni tajiri na Kiswahili ni maskini, ndiyo maana tunaazima. Hebu tuhesabu. Kipande kilichoruka kwenye mti ni banzi. Kilichoruka kwenye jiwe ni kokoto. Ukingo wa kikombe uliomeguka umeacha pengo. Rangi iliyobanduka ukutani ni gamba. Kiingereza kwa yote manne kinaweza kusema chip na kuendelea na safari. Nani amepanga vyombo vyake vizuri kabatini, na nani amejaza gunia?

Lakini sitaki kujipongeza bure, kwani kabati letu zuri halikutusaidia lilipokuja jambo la silikoni. Kibanzi kilikuwepo. Kingeweza kufanya kazi yote iliyofanywa na chip, tena kwa picha ileile. Kenya wanalo: magazeti yao na watangazaji wao huandika na kusema vibanzi kwa maana ya chipsi, na ukilisikia mara mbili tatu linakaa vizuri sana. Kwetu halikufika mbali. Nikimwambia muuza chipsi wa Mwanjelwa anipe vibanzi vya elfu mbili, atanielekeza stendi nipande basi la Mafinga.

Sababu yake, kwa maoni yangu, haiko kwenye neno. Iko kwa aliyeshika gogo. Neno linavutika mikononi mwa watu wanaolifanyia kazi, siku ya kazi, wakiwa na haraka. Kilby na wenzake hawakuwa na kamati ya istilahi, walikuwa na kipande mkononi na mwenzao anauliza kile nini. Sisi kompyuta tuliipokea ikiwa imeshafungwa kwenye boksi, ndipo wataalamu wakakaa wakatupa tarakilishi. Neno limeundwa kwa akili nyingi kabisa, na kompyuta haiwezi kulishinda kwa uzuri. Lakini fundi wa Soweto hapa Mbeya anayefungua mashine hiyo kwa bisibisi anasema kompyuta, na atakufa akisema kompyuta.

Geuza sasa uangalie pale ambapo kazi ni yetu. Walipokuja wauza vocha barabarani, hakuna aliyesubiri kuambiwa. Kukwangua kulikuwa ni kwa ukoko wa sufuria. Siku moja tukakwangua vocha, na nchi nzima ikaelewa asubuhi ileile. Kadi ndogo ya simu yenye chip ndani yake, ambayo yule kijana anayo, tumeiita laini, nayo imetoka kwenye Kiingereza cha waya wa simu, lakini hakuna Mwingereza anayeiita hivyo. Hapo tulichukua neno lao tukalipeleka wasikolipeleka. Zege, lumbesa, dingdong, laini: hakuna hata moja lililotoka ofisini.

Darasani tunaua jambo hili kwa orodha. Nimelifanya miaka mingi mwenyewe: chip, moja, kipande cha mti, mbili, kipande cha kiazi, tatu, kifaa cha elektroniki, nne, pengo la kikombe, nakili, kariri, mtihani Ijumaa. Mwanafunzi anabeba mizigo minne wakati angeweza kubeba mmoja. Wiki moja baada ya aibu ya Mwanjelwa niliingia darasani na kipande cha kuni ya mlingoti na shoka dogo la nyumbani. Nikapiga mara moja sakafuni, juu ya kiroba. Kibanzi kikaruka mpaka dawati la tatu, msichana aliyekaa pale akakiokota. Nikamwambia, hiyo ni chip. Kisha nikaandika ubaoni sentensi sita ambazo hawajawahi kuziona, moja ya jino la mtu aliyeanguka, moja ya rangi ya ukuta, na nyingine za aina hiyo. Walizipata zote isipokuwa ile ya kamari, na nilifurahi kidogo kwamba hiyo hawakuipata. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama kuna amani.

Yule kijana mwenyewe sijamwona. Shule zilifungwa, nami nikapata safari ya Iringa, nikashuka Mafinga kumsalimia ndugu anayefanya kazi msitu wa Sao Hill. Ni msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote ya serikali nchini. Ukiupita kwa basi unaona safu za misindano mpaka unasinzia. Kutoka wilaya hiyohiyo magogo hupelekwa pia kiwanda cha karatasi cha Mgololo, yanakosagwa kuwa vipande vidogo kabla ya kuchemshwa na dawa kuwa rojo la karatasi. Hivyo vipande ndugu yangu anaviita chipsi. Sikumsahihisha, kwa sababu hakukosea. Yeye na mafundi wenzake wanatumia neno katika maana yake ya kwanza kabisa, ile ya kabla ya viazi, na wamelipata kazini bila kupitia kamusi yoyote.

Jioni tulitoka kula. Nyuma ya yadi kuna mama anakaanga, na jiko lake si la mkaa. Ni debe lililoshindiliwa vumbi la mbao, limetobolewa katikati, na mdomoni pa tundu ameweka vibanzi vikavu vya kuwashia, vyembamba kama vidole. Baridi ya Mafinga ni kali kuliko yetu, nikasogea karibu na moto. Dingdong lilikuwa limezimwa, masikio bado yanavuma.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Akasukuma kibanzi kimoja ndani kwa kidole, moto ukashika, akatikisa karai. "Zege au kavu?"